Muulize Ami: Daftari la Mke Wangu Limenikamata

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani, kahawa tungu mkononi na haluwa pembeni kinyume na maagizo ya daktari. Nilipofika ya nne nikaanza kujiuliza kama si mtu mmoja anayezunguka Afrika Mashariki akiniandikia kwa miandiko tofauti. Majina nimeyaficha, maana wenyewe bado wanaishi na wake zao.

Shikamoo Ami. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kisumu, mwana wa chungwa la Raila tangu kura ya maoni ya 2005. Kaka wa mke wangu anakaa Eldoret. Alikuwa Jubilee damu, kisha akawa mtu wa wilbaro ya Ruto. Kila Krismasi tunagombana mpaka nyama inaungua. Kumbe mke wangu, ambaye ni katibu wa chama chao cha akina mama, miaka yote hii anaandika maneno yetu nyuma ya daftari la chama, pamoja na tarehe. Desemba iliyopita alitusomea mbele ya watoto. Ami, nilitamani ardhi ipasuke. Nalichoma hilo daftari au nafanyaje? – Nimekamatwa, Kisumu.

Marahaba, mwanangu. Usilichome. Kama huyo mama ni katibu wa kweli, nakala anayo.

Nimezisoma kurasa ulizoniambatishia. Maandishi yamenyooka, hayana chuki, na ndiyo maana yanauma. Wacha niwasomee wenzako kidogo.

Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu yafuta ushindi wa Uhuru Kenyatta, majaji wanne kwa wawili. Baba Akinyi, yaani wewe: “Afrika nzima ije isome hapa.” Kaka: “Wakora hawa.” (Neno hilo shemeji yako hakulibuni. Rais mwenyewe alilitamka siku ileile, na kabla ya magharibi lilikuwa limefika Eldoret likiwa bado moto.)

Tarehe 13 Mei 2021, Mahakama Kuu yaizima BBI, mpango wa Uhuru na Raila wa kubadilisha katiba. Kaka: “Mahakama ndiyo ngome ya mnyonge.” Baba Akinyi: “Majaji wamegeuka wanaharakati.”

Tarehe 5 Septemba 2022, majaji wote saba wa Mahakama ya Juu wauthibitisha ushindi wa William Ruto. Kaka: “Tuheshimu mahakama, hata inapouma.” Baba Akinyi hakusema kitu siku tatu. Ya nne: “Hiyo si mahakama.”

Januari 2024, Rais Ruto awashutumu majaji, baada ya Mahakama Kuu kuamua Novemba iliyotangulia kwamba ushuru wa nyumba umekiuka katiba. Kaka: “Majaji wanazuia maendeleo.” Baba Akinyi: “Mahakama ndiyo ngome ya mnyonge.”

Umeisikia hiyo ya mwisho? Ni sentensi ya shemeji yako, neno kwa neno, ya 2021. Mmekuwa mkiazimana maneno kama majirani wanavyoazimana ngazi: aliye juu ya paa leo ndiye aliyekuwa akikukemea jana usipande.

Lakini si mahakama iliyonimaliza, mwanangu, ni maziwa. Novemba 2017 muungano wenu wa NASA ulitangaza kususia bidhaa za Safaricom, Bidco na Brookside. Mke wako ameandika kwamba ulivunja laini ya simu mbele ya watoto, ukapiga marufuku paketi ya maziwa ya Brookside isivuke kizingiti. Watoto wakanywa strungi Novemba, Desemba, Januari. Tarehe 30 Januari 2018 Raila Odinga akaapishwa Uhuru Park kuwa rais wa wananchi, nawe ukarudi nyumbani bila sauti. Siku 38 baadaye, Ijumaa ya tarehe 9 Machi, akapeana mkono na Uhuru kwenye ngazi za Harambee House. Daftari linasema: “Jumamosi asubuhi amemtuma Akinyi dukani. Paketi mbili.”

Sasa nisikilize. Mtu kubadili mawazo si unafiki. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiamini pweza hapikwi na nazi. Mtu husoma, huumia, huzeeka, akaona alikosea, na huyo tunampa heshima yake. Ila kuna swali moja ambalo daftari la mkeo linaliuliza bila kulitamka: ulibadilika kabla ya mkubwa wako, au baada yake? Kama dhamiri yako huamka kila mara asubuhi baada ya mkutano wa mkubwa wako na waandishi wa habari, hiyo si dhamiri. Ni kengele ya shule, na mwenye kuipiga ni mwingine.

Dawa yangu ni hii. Krismasi ijayo, wewe na shemeji yako mwombeni mama huyo awasomee kurasa hizo akiwa amebadilisha majina, uamuzi uliomuumiza Raila ausome kana kwamba ulimuumiza Ruto, na kinyume chake. Mkishindwa kujua nani alisema nini, mpeni pole kwa miaka minane ya kazi isiyo na mshahara. Na mnunulieni maziwa.

Ami, nambie. Mimi ni boda hapa Nakuru. Mwaka 2018 walipoweka VAT ya asilimia 8 kwenye mafuta nilisema deni la nchi lazima lilipwe. Mwaka 2022 petroli ilipofika shilingi 159.12 Nairobi nikasema serikali ya handisheki inatuua, nikapigia wilbaro. Oktoba 2023 ikawa 217.36 na nikasema ni vita vya Ukraine. Kuna abiria wangu, mwalimu mmoja, siku hizi ananicheka hadi anashuka kabla ya kufika. – Mimi na Pikipiki Yangu, Nakuru.

Mwanangu, Urusi iliivamia Ukraine Februari 2022. Vita vilikuwa vimeshapanda pikipiki yako zamani, ile bei ya 159.12 ikiwa kibaoni. Kama vilikuwa udhuru wa 217, vilikuwa udhuru wa 159 pia. Halafu kuna kilichokuja baada ya hapo, ambacho hukukitaja: Julai 2023 ile VAT ya mafuta ilipandishwa kutoka 8 hadi 16, na waliopandisha ni wale uliowapigia kura.

Wa upande wa pili nao wasijichekeshe. Ile asilimia 8 ya 2018 ilipitishwa handisheki ikiwa na miezi sita, na mkubwa wao aliiunga mkono. Waliokuwa wakibeba sufuria tupu kichwani Machi 2023 kwa ajili ya gharama ya maisha, mwaka ule wa 2018 sufuria zao zilikuwa jikoni.

Mwalimu akishuka njiani, mrudishie nusu nauli.

Ami, mume wangu anasema mbunge wetu ni mwizi, lakini ni mwizi wetu. Nimjibu nini? – Mama Watatu, Likoni.

Mwulize mara ya mwisho aliletewa mgao lini.

Shikamoo Ami. Nakuandikia kutoka Arusha. Mwaka 2007 Dk. Wilbrod Slaa aliposoma orodha ya mafisadi pale Mwembe Yanga, jina la Edward Lowassa likiwemo, mimi nilikuwa Chadema wa kwanza kushangilia. Februari 2008 alipojiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond nilichinja kuku. Julai 2015 akahamia kwetu, akawa mgombea wetu, nikazungusha mikono mpaka mabega yakateguka. Machi 2019 akarudi CCM. Jirani yangu wa CCM naye alipita njia hiyohiyo, ila kinyumenyume. Hatusalimiani tangu 2015. Nani aanze? – Mikono Inauma, Arusha.

Marahaba, mwanangu. Anzeni pamoja, maana hakuna mwenye deni.

Hebu tuhesabu. Kabla ya Julai 2015, wewe ulisema fisadi, jirani akasema ameonewa. Baada ya Julai, wewe ukasema ameonewa, jirani akasema fisadi. Baada ya Machi 2019 jirani akasema mzee amerudi nyumbani, na wewe nadhani ulirudi kwenye orodha ya Mwembe Yanga ukaipangusa vumbi. Katika miaka yote hiyo faili la Richmond halikuongezwa hata karatasi moja. Lowassa mwenyewe alikana, na alifariki Februari 2024 bila mahakama yoyote kumtia hatiani. Ushahidi ulikaa palepale. Nyinyi ndio mliouzunguka kama kuku wa kienyeji anavyozunguka kinu.

Najua utaniambia: Ami, tulitaka kuishinda CCM, na bila yeye tusingepata asilimia 40 ya kura. Kweli, alipata 39.97, na kabla yake mgombea wenu hakuwahi kuisogelea. Hiyo ni hesabu, na hesabu ya siasa haina aibu. Ungeniambia hivyo mwaka 2015, kwamba mtu huyu bado namshuku lakini namhitaji, ningekunywa nawe chai. Lakini hukusema hivyo. Ulisema ni msafi. Ulitaka ushindi, kisha ukataka na udhu juu yake.

Mtu mmoja katika hadithi yako tarehe zake hazilingani na za chama chake: Slaa. Chama kilipompokea aliyemtaja Mwembe Yanga, yeye alijitenga, na tarehe 1 Septemba 2015 akatangaza kuachana na siasa za vyama. Wapo watakaosema alilipwa baadaye, kwa kuwa Rais Magufuli alimteua balozi mwaka 2017 na kumpeleka Sweden. Wana haki ya kuuliza. Lakini waanze kwa kujibu wao walikuwa wapi tarehe 31 Agosti.

Ami wetu, salaam. Mimi ni mkulima wa kahawa, Nyeri. Mwaka 2023 Naibu Rais Rigathi Gachagua aliposema serikali ni kama kampuni yenye hisa, na waliopiga kura ndio wenye hisa, nilipiga makofi hadi viganja vikavimba. Oktoba 2024 wakambandua. Sasa nasema Kenya ni yetu sote, tusibaguane. Jirani yangu aliyetoka Kakamega ananiuliza hisa zangu niliziuza bei gani. – Mwenye Hisa Mstaafu, Nyeri.

Pole, mwanangu. Jirani yako ana haki ya kucheka, na ukimkasirikia utakuwa umepoteza hisa na jirani.

Ila barua yako imenikumbusha wengine wanaostahili kuchekwa zaidi. Bungeni kura za kumbandua zilikuwa 281 kwa 44, na maneno hayo ya hisa yalikuwa miongoni mwa mashtaka. Baadhi ya hao 281 walikuwa jukwaani naye alipokuwa akiyasema. Walicheka. Wengine walishika maikrofoni baada yake wakaongeza chumvi. Harufu ilikuwapo tangu 2023, lakini pua za waheshimiwa zilizibuka 2024, zote kwa pamoja, mwaka ambao yeye na mkubwa wake walikosana. Bahati iliyoje kwa mafua kupona kwa ratiba!

Wewe nina swali lako. Unasema Kenya ni yetu sote, na umesema kweli, hata kama umechelewa. Wakikurudishia hisa kesho, huyo jirani utamgawia? Usinijibu mimi. Kamjibu yeye, kwenye ua.

Mjomba, mimi ni mpwa wako wa Kongowea, na hii barua usiifiche chini ya haluwa. Mwaka 2018 Raila alipopeana mkono na Uhuru ulisema wanaume wameiokoa nchi. Tarehe 7 Machi 2025 alipotia saini mkataba na Ruto pale KICC ulisema wameiuza. Mkono mmoja ulikuwa uleule. Kwani wewe daftari lako liko wapi?

Huyu mtoto nilimlipia karo.

Nilikuwa na jibu. Nilisema hii ya 2025 ni tofauti kwa sababu ya Juni 2024, vijana waliopigwa risasi wakipinga Mswada wa Fedha, waliotekwa, mama zao wanaolia mpaka leo. Nilisema huwezi kupeana mkono juu ya makaburi mabichi. Niliyasema hapahapa barazani kwa sauti, na wazee wakatikisa vichwa.

Kisha mpwa wangu akaniuliza kuhusu 2017. Waliouawa na polisi Kisumu na Mathare baada ya uchaguzi ule, akiwemo mtoto mchanga wa miezi sita aliyepigwa rungu akiwa nyumbani kwao. Handisheki ya 2018 ilikuja miezi saba baadaye, makaburi yale hayajaota majani. Nilisema nini kuyahusu? Hakuna. Nilisema biashara itarudi, bandari itachangamka, na nikaagiza kahawa kwa wote. Mtu niliyempenda wakati huo alikuwa ameridhika, nami nikaridhika. Mwaka 2025 nilikuwa nimeshamchoka, na ndipo makaburi yakaanza kunisumbua.

Sina la kujitetea. Vijana wa 2024 wanastahili hasira yangu yote, na wale wa 2017 walistahili pia, nami niliwanyima.

Barua zenu zinaendelea kupokelewa kwa mhariri kila Jumatatu. Mkiniandikia, wekeni tarehe juu ya karatasi.