Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Tamthilia za Kale

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Kampuni za DVD za Tamthilia,
Hollywood na vitongoji vyake,
Marekani.

YAH: PONGEZI KWA KUTUFICHA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wapenzi wa tamthilia za zamani tunawapongeza kwa ulinzi imara. Watu wasiojua biashara hudhani bidhaa huwekwa pale mnunuzi anapopita. Ninyi mmeshavuka ushamba huo. Mwaka 2007, The Man from U.N.C.L.E., tamthilia ya majasusi iliyorushwa kuanzia 1964 hadi 1968, ilipata DVD zake: vipindi vyote 105, diski 41, ndani ya kimkoba cha kijasusi. Time Life wakaiuza kwa oda tu. Madukani ikaonekana mwaka uliofuata. Majasusi wenyewe, kwa misimu yote minne, hawakuwahi kujificha vizuri hivyo.

Kisha Machi 2009 Warner Bros. wakafungua Warner Archive. Mteja alikuwa akiagiza mtandaoni, ndipo diski ichomwe. Walianza na filamu 150, kwa wateja wa Marekani peke yao, karibu dola 20 kila moja, tamthilia zikafuata. Utaratibu huu tunaufahamu. Kijana wa Kariakoo naye hupokea oda, huchoma diski, huitia kwenye kasha la plastiki, na akikamatwa huitwa mharamia. Hakimiliki ni yenu, hilo halina ubishi. Ila kijana yule anafika mlangoni kwetu, na ninyi wenye mali hamfiki.

Tamthilia ya Maverick nayo haikusalimika. Msimu wa kwanza uliuzwa madukani mwaka 2012, uliofuata ukahamishiwa kwenye oda za mtandaoni. Mnunuzi wa dukani akabaki kama abiria aliyelipa nauli ya Mwanza akashushwa Morogoro.

Tuwe waadilifu: kuchapa maelfu ya diski kwa watazamaji wachache ni hasara, na muziki una wenyewe. WKRP in Cincinnati ilihusu kituo cha redio, lakini DVD za mwaka 2007 zilitoka na nyimbo nyingi zimebadilishwa kwa sababu ya gharama za haki. Kuchoma kwa oda kumeokoa kazi ambazo pengine zisingetoka kabisa. Kama mngeishia hapo, barua hii isingeandikwa.

Lakini mkaongeza namba. Dunia mmeigawa maeneo: Marekani na Kanada ni 1, sisi wa Afrika Mashariki ni 5. Shemeji aliyeko Minnesota akituletea DVD iliyofungwa kwa namba 1, deki yetu inaitema. Amelipa dukani, amelipia mzigo wa ndege, na bado anatazamwa kama mwizi.

Mnasema mnalinda urithi. Basi waulizeni wenzenu wa BBC, waliofuta kanda za tamthilia yao ya Doctor Who ili wazitumie tena. Vipindi tisa vilivyodhaniwa vimepotea vilitangazwa kupatikana mwaka 2013. Nakala zake zilikuwa stoo ya kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria. Hazikuokolewa na toleo maalumu la wateja wachache. Zilipona kwa sababu BBC waliwahi kuziuza kote kote, hata kwa watu ambao leo mmewapa namba 5. (Namba hiyo, kwa taarifa yenu, inaihusu Jos pia.)

Tunaomba mambo matatu, na wala hatuombi bure. Diski mnazochoma ziachwe wazi zicheze kwenye deki yoyote, na oda zipokelewe kutoka nchi yoyote yenye posta. Tamthilia mliyoanza kuiuza, imalizieni palepale mlipoianzia. Kama haiwezekani, tuandikieni rasmi kwamba fedha zetu hamzitaki, tuache kuzitunza.

Wenu katika kusubiri,

Watazamaji wa Eneo Namba 5