Nilivyomuua Mwenyekiti kwa Kiingereza Sahihi

Sisi tuliotoka shule za msingi za serikali tuliingia kidato cha kwanza na Kiingereza cha kuombea maji, na maji yenyewe tulipewa baada ya kuonyesha kikombe. Miaka saba hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, viboko kwa Kiswahili. Kisha unafika sekondari, mwalimu wa baiolojia anaingia, anafungua mdomo, na wewe unageuka kumtazama jirani yako ambaye tayari anakutazama wewe.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alituonea huruma. Alikuwa kijana mwembamba aliyehifadhi chaki nyuma ya sikio kama fundi seremala na penseli yake, na aliamua kutufupishia safari. Kivumishi, alisema, kinamsifu mtu au kitu. Kielezi kinasifu kitendo. Na kielezi ni nini? Ni kivumishi kilichoota mkia. Mkia wenyewe ni "ly". Mtu ni "quick", lakini anakimbia "quickly". "Mkiona kitenzi, bandikeni mkia," akasema, akafuta ubao. Nadhani vighairi vyote vilikuwa upande ule wa ubao alioufuta.

Kanuni ile niliishika kama hirizi, kwa sababu ilifanana na ya nyumbani. Nasi tunasema mwimbaji mzuri, sauti nzuri, kinanda kizuri, lakini ikija kwenye kuimba, wote wanaimba vizuri. Kivumishi hufuata ngeli ya bwana wake kila aendako. Kielezi kina sare yake moja, vi-, kazini na sikukuu. (Sare hiyo nayo ina mitego yake. Ukisema fulani amesoma vitabu vizuri, hakuna hakimu awezaye kuamua kama vitabu ndivyo vilivyo vizuri au ni kusoma. Ila sisi tumezaliwa humo, hatujikwai.) Basi nikabandika mikia. Niliwaona wanaosema "drive slow" kuwa washamba wasiofika kidato cha pili.

Mkia ulianza kunigeuka siku ya usaili wangu wa kwanza. Jopo lilikuwa la watu watatu, na katikati alikaa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, barua yangu ya maombi mkononi. Nilikuwa nimeandika kwa fahari kwamba mimi "work hardly". Mazungumzo yalikuwa ya kimombo mwanzo hadi mwisho. Nayatafsiri ili tuumie pamoja.

"Umeandika hapa kuwa kazi unafanya 'hardly'. Ni kweli?"

"Kweli kabisa, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata Jumamosi."

Mzee wa kushoto alipaliwa, akatafuta leso.

"Na bosi wako wa zamani alikuwa anajua?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha."

Kazi nilipata. Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma, au walisema angalau tumempata mmoja mkweli. Miezi mitatu baadaye, kwenye kantini, juu ya wali maharage, mama yule aliona nimekwisha kuwa mwenyeji, akaniambia taratibu: "Mwanangu, 'hard' ndiyo kwa bidii. Haitaki mkia. Ukiipa mkia inakuwa ni kwa nadra, kwa taabu, nusura isiwepo. Ulituandikia kwamba kazi hufanyi." Nilitafuta shimo la kujificha, nikaishia kuongeza pilipili.

Nilikwenda kuuliza vitabu kwa nini dunia iko hivi. Kumbe Waingereza wa kale walikuwa na njia nyingine ya kutengeneza vielezi: waliongeza "e" tu mwishoni. Karne zikapita, "e" ikamezwa katika matamshi, na "hard" na "fast" zikabaki uchi, kivumishi na kielezi sura moja kama mapacha. "Hardly" nayo hapo mwanzo ilimaanisha kile nilichokusudia mimi, kwa nguvu, kwa juhudi, baadaye ikahama. Kwa hiyo barua yangu haikuwa na kosa. Ilichelewa tu kufika kwa miaka mia kadhaa.

Hata wenyewe hawakuwa salama. Mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa London, alichapisha kitabu cha sarufi, na humo akawakaripia waandishi wakubwa wa Kiingereza kwa kutumia kivumishi mahali pa kielezi. Ukisoma orodha ya aliowasahihisha unajisikia umekaa na watu wa heshima.

Tatizo lingine tunalibeba kutoka nyumbani, nalo ni neno "karibu". Nakaa karibu. Karibu nianguke. Amehamia hapa karibuni. Karibu ndani. Neno moja, na hakuna aliyewahi kupotea. Kiingereza kimeligawa urithi kama mali ya marehemu asiye na wosia, kila mtoto na kipande chake. Mgeni mmoja aliniuliza ninaishi wapi, nami, mkia ukiwa tayari mkononi, nikamjibu "I live nearly". Alinitazama kwa upole, akasema pole. Nimemwambia kuwa ninaishi, ila bado kidogo. Kwa mshahara wa wakati ule sikuwa nimedanganya sana.

Baada ya hapo nikaapa: mikia basi. Kila "ly" niliyoitilia shaka niliikata bila huruma. Na hivyo ndivyo nilivyofika siku ya mwenyekiti.

Tulikuwa na mkutano wa wadau, ukumbi wa hoteli, vitambaa vyeupe kwenye viti, wageni kadhaa kutoka Uingereza mstari wa mbele. Mwenyekiti wetu alikuwa anatoka Kibaha, na wakati ule barabara za juu za Ubungo zilikuwa bado ni nguzo na vumbi. Saa nne ikapita. Akapiga simu: amekwama, atazungumza saa tano. Nikapewa kazi ya kumwandikia mshereheshaji kikaratasi.

Nilikaa na kile kikaratasi kama mtu anayetegua bomu. Mwenyekiti amechelewa. Mwenyekiti ni mtu, si kitendo, kwa hiyo hapa anatakiwa kivumishi. "Lately" ina mkia, tupa. Kivumishi ni "late". Kivumishi cha Kiingereza hukaa mbele ya nomino. Nikaandika, kwa mara ya kwanza maishani bila shaka yoyote moyoni: "Our late chairman will speak to us at eleven."

Isomeni tena. Sarufi haina doa. Hata Lowth angeweka tiki.

Mshereheshaji aliisoma kwa sauti yake ya redio. Ukumbi ukanyamaza. Mzungu mmoja akavua miwani. Nyuma nikasikia "Innalillahi", na dada wa uhasibu, ambaye asubuhi ile ile alikuwa ameongea na mwenyekiti kuhusu posho, akapiga yowe. Ndipo nikakumbuka: "late" likikaa baada ya kitenzi, mara nyingi mtu amechelewa, likikaa mbele ya cheo chake, amekwenda mbele ya haki. Kuhusu atakavyozungumza saa tano, hakuna aliyethubutu kuuliza. Wageni walidhani ni mila zetu.

Mshereheshaji ni mtu wa kazi yake. Akaomba dakika moja ya ukimya. Watu wakasimama, wakainamisha vichwa. Nami nikasimama, ningefanya nini? Nilipoinua jicho nilikutana na mama wa miwani ya kamba upande wa pili wa ukumbi. Hakuuliza aliyeandika. Alijua.

Sekunde kama arobaini hivi, mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti huyo, koti begani, jasho shingoni. Akaona ukumbi mzima umesimama, umeinama mbele yake. Akaguswa. Akaweka mkono kifuani.

"Jamani," akasema, "kaeni, kaeni. Foleni tu."

Usiku ule nilirudi vitabuni kutafuta huu mkia umetoka wapi, maana nilianza kuamini una mkono wa mtu. Nikakuta "ly" inatokana na neno la Kiingereza cha kale, "lic", maana yake mwili, na mara nyingine mwili usio na roho. Wajerumani mpaka leo wanaita maiti "Leiche", na makanisa ya kale ya Uingereza yana geti lenye paa liitwalo "lychgate", ambapo jeneza lilikuwa likisubiri kasisi. Miaka yote nilikuwa nabandika maiti kwenye vitenzi vya watu, na hakuna aliyedhurika zaidi yangu. Siku nilipoacha ndipo akafa mtu.

Kwa hayo nimewavulia kofia vijana wa mtaani, ambao kielezi hawakihangaikii. Anaimba hatari. Amependeza balaa. Wamecheza kinoma. Wanachukua neno lolote la kutisha lililo karibu, wanaliweka baada ya kitenzi, na linafanya kazi siku hiyo hiyo.

Mwenyekiti aliniita Jumatatu. "Nasikia umenizika," akasema. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba sentensi ilikuwa sahihi. "Najua," akajibu, "ndiyo maana walikuamini." Hakunifukuza. Barabara za juu za Ubungo zilifunguliwa mwaka 2021, lakini bado huchelewa, na akichelewa hupiga simu yangu, si ya mtu mwingine.

"Waambie marehemu amefika Ubungo. Yuko juu tayari. Anashuka."