Jinsi ya Kuharibu Chungu kwa Faida

Anayetaka kujua kufinyanga kwa gurudumu aanze kwa kuharibu, tena aharibu kwa makusudi na kwa utaratibu. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayekikumbatia kikombe chake cha kwanza kilichokwenda upande, asitake mtu akiguse. Fuata hatua zote.

1. Toboa kabla ya wakati. Bamiza donge kwenye gurudumu, lizungushe, kisha zamisha dole gumba kabla halijatulia katikati. Utapata ukuta mnene huku na mwembamba kule, na mdomo usiotaka kulingana. Sasa shika donge la pili. Egemeza viwiko mapajani, kaza mikono, wala usitoboe mpaka donge lizunguke bila kukisukuma kiganja chako. Tofauti hiyo mwalimu hawezi kukueleza ikakuingia. Sharti mkono uionje.

2. Lizamishe kwa maji. Maji husaidia vidole kuteleza, lakini yakizidi udongo huyanywa, ukuta ukalegea na kuketi. Endelea kulowesha mpaka chungu kianguke, ukijue kikomo chake. Cha pili kifinyange kwa maji kidogo, na yaliyotuama ndani yafyonze kwa sifongo. Kisha kandamiza kitako kwa vidole. Kitako kilicholowa, kisichokandamizwa, hupasuka kikikauka, na ufa wake hujikunja kama herufi S.

3. Chinja kilicho kizuri. Hapa ndipo wengi hukimbia. Chagua chungu unachokipenda kuliko vyote, chukua waya, ukikate toka mdomoni hadi kitakoni, kisha tenganisha nusu mbili. Nje palikuwa pamenyooka. Ndani utaona ukweli. Mara nyingi mdomo ni mwembamba, ilhali pale ukuta unapokutana na kitako pamejaa udongo mwingi ambao ulipaswa kupanda. Ndiyo sababu chungu kilikuwa kizito na kifupi. Pitisha kidole kwenye mkato huo polepole, kisha rudi kwenye gurudumu uanze kuvuta ukuta kutoka chini kabisa. Chungu kizima kisingekuonyesha hilo.

4. Tupa ndooni. Usikarabati wala usibandike. Acha vipande vikauke kabisa ndipo uvimwagie maji, kwa kuwa udongo mkavu hurojeka upesi kuliko ulio nusu mkavu. Ukishalainika, uanike upungue maji, uukande, uurudishe kazini. Haujapotea hata kidogo.

5. Tanuri liheshimu. Huko usijifunzie uharibifu. Chungu chenye unyevu kikipashwa moto haraka kupita nyuzi 100, maji hugeuka mvuke, yakakilipua, na vigae vyake vikavunja vyungu vya wenzako. Watu hulaumu hewa iliyobaki ndani, lakini mkosaji mkuu ni maji. Tena moto ukikaribia nyuzi 600, udongo hupoteza hata maji yaliyofungwa katika asili yake. Hapo haurojeki tena. Kosa lililopita motoni limekuwa la kudumu.

Wahenga walisema udongo upatilize ungali maji. Basi makosa yako yote yafanye kabla ya moto, uyakate na kuyatazama. Chungu cha kupelekwa tanurini ni kile ambacho hakina tena la kukufundisha kwenye waya.