Ushahidi Ulikuwa Mtamu

Jana usiku nilikula ushahidi wa kesi yangu. Uliletwa kwenye hotpoti, ukiwa wa moto, na nikaukwangua mpaka ukoko.

Saa tisa alasiri nazi ya jirani ilikuwa imeshuka juu ya IST yangu na kusaga kioo cha mbele. Mnazi wake umeinamia uani kwangu, hapa Kigamboni, na aliyeegesha chini yake kwa tamaa ya kivuli ni mimi.

Nikapiga simu bima. "Bima kubwa au ndogo, kaka?" Ndogo. "Umegongwa na gari gani?" Nazi. Kimya, kisha nikasikia mtu akicheka mbali na simu.

Ndipo nikaelewa kitu nilichokilipia 118,000 kila mwaka kwa miaka sita. Katika bima ndogo mtu wa kwanza ni mimi, wa pili kampuni, na anayekingwa ni wa tatu, yaani yule nitakayemdhuru. Ningerudi nyuma vibaya nikauparamia mnazi, mzee mwenye mnazi angekuwa na pa kudai. Mnazi ukiniparamia mimi, hayo ni yangu na fundi. Wakala aliyeniuzia hakunieleza hata nusu ya haya. Alisema tu, "Hii inatosha, trafiki hawatakusumbua." Miaka sita nimemnunulia trafiki utulivu wake. Hapa sitanii.

Ikabaki kumdai jirani. Mpwa wangu anayesoma sheria akanipeleka Paisley, Uskoti, mwaka 1928, ambako mama mmoja alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake, na kutoka ndani ya chupa, alivyodai, akamwagika konokono aliyeoza. Kesi ikapanda hadi Bunge la Mabwana, na mwaka 1932 Lord Atkin akauliza: kisheria, jirani yangu ni nani? Ni yule ambaye ungepaswa kuona mapema kwamba uzembe wako utamfika. Sheria ya uzembe tuliyorithi kwa Waingereza imekaa juu ya mgongo wa konokono huyo.

Basi, je, mzee angeweza kuona mapema? Hapa Kiswahili kinajua kuliko majaji: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Dafu hukwewa likaanguliwa. Nazi iliyokauka hujiangukia ikitaka, saa yoyote, na kila mwenye mnazi anajua. Ndiyo maana huitwa mkwezi. Ikiwa nazi, mzee kazembea. Ikiwa koroma lililong'olewa na upepo, ni kudra za Mungu, nami niende zangu.

Nikaenda. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na gari. Koroma lile, upepo tu."

"Naomba nilione, mzee."

Akaita jikoni. Bi Mkubwa akajibu kwa furaha, mbuzi ikiendelea kukwaruza: "Namalizia kuikuna! Mwambie asipike, nitamletea wali."

Akaleta. Tui lilikuwa zito, la mafuta, lile ambalo koroma halitoi hata ulikamue kwa jeki. Ilikuwa nazi. Nimeshinda kesi, na ushahidi wote umo tumboni.

Leo nimeegesha upande wa pili, tangi la maji la jirani mwingine likafurikia ndani kupitia kioo kisichokuwepo. Fundi anataka laki mbili na nusu. Bi Mkubwa anataka hotpoti yake.