Shimo la Baba Watoto

Mama mkwe alishuka garini kutoka Masisi na fungu la vijiti vilivyofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Alivilaza kibarazani na kuvinyunyizia maji kabla hajatusalimia. Mubirizi, ule mmea mchungu wa dawa.

"Nyumba haina mubirizi," akasema, "watoto wakiumwa tumbo watakunywa nini?"

Sasa, kwetu Himbi, hapa Goma, si Masisi. Kule kijiti kikidondoka njiani kinachipua. Huku tumejenga juu ya mawe ya volkano, udongo tunaununua, unaletwa kwa kamioni, na ukichelewa kuutandaza mvua inauzamisha katikati ya mawe usiuone tena. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia Ziwa Kivu. Mawe ya kwetu ni ya kale kuliko hayo, ila ukali wake ni ule ule: ukuta ni wa mawe hayo, ngazi ni za mawe hayo, na makovu ya magoti ya watoto ni ya mawe hayo.

Baba watoto, ambaye hajawahi kupanda hata kitunguu, akatangaza kwamba shida ni kina. Mti unataka kina. Mama yake akamjibu kuwa mubirizi ni kijiti, si nguzo ya umeme: unakilaza mshazari, nusu ndani nusu nje, basi. Hakusikilizwa. Akaletwa kijana mwenye mtaimbo na nyundo kubwa, na kutwa nzima ikawa pa! pa! pa! mpaka jirani akaja kuuliza kama tumepata dhahabu. Jioni shimo lilimfika mtu mabegani. Lilikuwa nyuma ya jiko, mahali palipo chini kuliko pote katika parseli yetu. Baba watoto akasimama ukingoni, akapiga picha, akawatumia ndugu zake walioko Kampala.

Asubuhi jogoo hakuwika. Tulimkuta chini ya shimo, amelala ubavu pamoja na tetea wawili, hawana jeraha wala unyoya ulionyonyoka. Kila mtu akaja na kesi yake. Baba watoto akamshtaki mbwa wa jirani. Mbwa gani huyo anaua watatu bila tone la damu? Shemeji akasema sumu ya panya. Wakati wanabishana, mwanangu wa kati alikwisha kuanza kuteremka kuwachukua. Mama mkwe alimkamata ukosi akamvuta kwa nguvu, shati likachanika mpaka kiunoni.

"Toka! Mazuku hiyo!"

Akaomba gazeti. Akalisokota, akalifunga kwenye waya, akaliwasha na kulishusha taratibu. Lilishuka likiwaka vizuri tu. Lilipofika usawa ambao ungekuwa wa magoti ya mtu aliyesimama mle ndani, mwali ukakatika ghafla, na moshi ukatanda bapa pale pale, haupandi haushuki, kama mtu kautandikia meza ya kioo.

Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi, ile ile tunayoitoa puani, isipokuwa hii inapanda kutoka chini ya ardhi kwa kupenya nyufa za lava. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa kwenye mabonde. Usiku, bila jua wala upepo, inajaa. Mchana inatawanyika, ndiyo maana mchimbaji alikwenda kwake salama. Kando ya ziwa, kutoka Goma kuelekea Sake, imeua mbuzi, imeua na watu. Rangi haina. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita mahali ambapo mtoto akiinama hainuki.

Baba watoto alinyamaza mpaka chai yake ikapoa, kisha akauliza kama jogoo yule analiwa. Hakujibiwa. Kijana wa mtaimbo akaitwa tena, akalipwa mara ya pili kuyarudisha mawe aliyolipwa kuyatoa.

Mama mkwe akapanda kwa njia yake: tuta la mawe juu ya ardhi, magunia makuukuu chini ili udongo usitoroke, majivu ya jikoni juu. Leo ni ua mzima, na nyuki wanaufuata ukitoa maua meupe. Kazi yake kubwa ni kuukata. Ukiuacha unarefuka na kuwa mti wa majani ya juu tu. Ukiupunguza usawa wa kiuno, unafunga.

Kuwanywesha watoto maji ya mubirizi ndiyo vita. Niliwasimulia habari za Chausiku, sokwe jike wa Mahale, Tanzania. Mwaka 1987 Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona, akiwa mgonjwa, akimenya shina la mmea huu huu, akitafuna kiini kile kichungu na kutema nyuzi. Kesho yake alikuwa na nguvu.

"Basi mumpelekee yeye," akasema wa kati.

Mwenye hamu na mubirizi hasa ni mpangaji wa ng'ambo ya barabara, Mkameruni, anayekuja na beseni. Anayachemsha majani, anayafikicha, anayakamua maji hata matatu mpaka uchungu unaisha, anayapika na karanga za kusaga: ndolé. Siku alipotuletea sufuria, Mama mkwe alionja kwa ncha ya kidole, akasikitika sana kwamba dawa yote imemwagwa na maji. Akaomba na ndizi za kulia.