Posa ya Mpapai

Siku niliyoukata mpapai dume nilikuwa na panga, nilikuwa na sababu, na nyumba nzima ilikuwa upande wangu. Leo ukiwauliza, kila mmoja atakwambia alinikataza.

Mipapai yenyewe ilikuwa miwili, ndugu wa tunda moja. Mama yangu, ambaye hapa nyumbani sote tunamwita Bibi, alikuja nalo Tanga kutoka Pangani, kalipakata kwenye basi kama mjukuu. Tulipolimaliza akazichukua zile mbegu nyeusi zenye utelezi, akazisugua kwa jivu, ndipo akazifukia uani. Nikamuuliza jivu la nini. "Mbegu haioti ikiwa imevaa koti," akasema. Nikacheka. Kumbe kweli, ule utelezi ndio unaoizuia mbegu kuota ingali ndani ya tunda. Bila hivyo tungepasua mapapai tukute miche.

Ikaota, ikakua kwa pupa. Miezi sita haijatimia, yote miwili imenipita kimo. Mpapai ni mti wa ajabu kidogo, kwa kuwa hauna mbao ya kusema hii ni mbao. Shina lake ni laini na ndani lina uwazi, na kila jani linapodondoka huacha kovu, hata ukitazama kwa makini unaweza kusoma mahali kila jani lilipokuwa likifanya kazi. Wanangu hawakuwa na habari na makovu. Wao walikata vikonyo vya majani, ambavyo navyo viko wazi ndani, wakatengeneza filimbi, tukakosa usingizi wa mchana wiki nzima.

Kisha mipapai ikachanua, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mmoja uliweka maua manene, moja moja, yamekaa kwapani mwa majani, karibu kabisa na shina. Mwingine ukaning'iniza vishada virefu vya maua madogo meupe, kama mtu aliyejitundikia shanga.

"Dume hilo," mama watoto akasema, bila hata kuacha kuchambua mchele.

Ushauri ukaanza kumiminika. Pigilia msumari shinani, mti utashtuka ugeuke jike. Ning'iniza jiwe. Ukate kichwa. Nikachagua msumari, wa inchi nne. Nilichopata ni utomvu mweupe ulionichuruzikia shati zima, na doa lake halijatoka hadi leo. Mwezi ukapita, mpapai unaendelea na shanga zake. Basi nikachukua panga, nikaukata usawa wa goti. Kisiki kikabaki nyuma ya pipa la maji, nikakisahau.

Majani hayakupotea bure. Bibi aliyafungia nyama ya ng'ombe mzee aliyoinunua kwa ajili ya pilau ya Ijumaa, maana utomvu wa mpapai una kimeng'enya kinachovunjavunja nyama ngumu. Saa mbili zingetosha. Yeye aliifunga tangu Alhamisi asubuhi. Ile pilau tuliila kama uji.

Mpapai jike sasa ukabaki peke yake uani, na nafasi yote, na samadi yote. Ukachanua vizuri sana. Ua likifunguka, siku chache likanyauka, likadondoka. Jingine likafunguka, likadondoka. Nikaongeza maji. Nikapunguza maji, baada ya jirani kuniambia mizizi ya mpapai nayo inahitaji hewa na ikizamishwa huoza. Nikashuku kijicho. Miezi miwili nafagia maua kila asubuhi.

Aliyetegua kitendawili ni binti yangu wa darasa la nne, tena bila kukusudia. Alipewa kazi ya Sayansi na Teknolojia, achore ua na kutaja sehemu zake. Akaokota ua la mpapai, akaomba wembe, akalipasua juu ya meza ya chakula. Petali akaziona. Ovari akaiona, nono, imejaa vipunje vyeupe ambavyo vilikuwa vinangoja kuwa mbegu. Juu yake stigma, imechanuka kama vidole. Akageuza daftari, akageuza ua.

"Baba, stameni ziko wapi? Mwalimu amesema chavua inatoka kwenye stameni."

"Pengine zimedondoka."

"Hazipo kabisa. Hili ni ua la kike tupu. La kiume liko mti gani?"

Hakuna aliyejibu. Mama watoto akaangalia dirishani, upande wa pipa. Bibi ndiye aliyesema: "Basi mwanangu umeuweka mti wa watu eda."

Nikajaribu kujitetea kwa elimu. Nikasema mpapai wa kona ya msikiti ni dume, na nondo wangeweza kuleta chavua kutoka huko. "Msumari haukutosha," Bibi akasema, "sasa unataka kuupiga nondo?" Ikabidi nimweleze kwamba si nondo za zege bali wale wadudu wa jioni. Na hawa wadudu, niseme ukweli, mpapai jike unawatapeli. Ua la kiume lina asali ya kuwalipa, la kike halina kitu. Linafanana tu na lile la kiume, na mdudu akija kwa makosa anaacha chavua na kuondoka na njaa. Sidhani kuna sababu ya nondo kuvuka barabara nzima kuja kutapeliwa kwangu.

Ikabaki posa. Mpapai wa kona ni wa fundi cherehani, mzee mwenye maneno. Bibi akawa mshenga, akaenda na kashata. Fundi akasikiliza kwa heshima zote, akauliza kama eda imeisha, kisha akataja mahari: papai la kwanza, lisipunguzwe hata kipande.

Jioni binti yangu alirudi na kikombe kimejaa maua ya kiume. Akapanda kigoda, mimi nimekishika. Akachambua petali, akapakaza ile poda ya manjano kwenye stigma za maua matano, na kila moja akalifunga uzi mwekundu. Kutoka huko juu akanisomesha: kila punje ya chavua huotesha kijimrija kinachoshuka hadi kwenye ovari, na mbegu moja huhitaji punje yake. "Papai lina mbegu mamia, baba. Usitikise kigoda."

Maua yasiyo na uzi yakadondoka kama kawaida. Ya uzi, matatu yakashika. Petali zikakauka, ovari ikavimba, ikawa kama ndimu, kisha kama chungwa, na baada ya miezi mitano ubavu wa papai moja ukapiga manjano.

Nililichuma mwenyewe, Bibi akalifunga kwenye khanga, akalipeleka kona ya msikiti na fundi akalipokea kwa mikono miwili. Nikaenda kunawa utomvu pipani. Nilipoinama kuchota, kitu kikanigusa sikio. Kile kisiki kilikuwa kimechipua matawi mawili marefu, yote yamejaa vishada vya maua meupe yanayoning'inia.