Besi Mpya Iliyozeeshwa Kiwandani

Mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wanajua kunyoosha bodi. Gari lililobondeka linaingia asubuhi, linakula nyundo, msasa na rangi, kisha linatoka kama limeshuka bandarini jana. Kijana aliyekatiza hapo na besi yake mpya alijitakia mwenyewe.

Alikuwa ameagiza Precision, nakala ya lile gitaa la besi ambalo Leo Fender alilitoa California mwaka 1951. Rangi imebanduka pale mkono unapoegemea, skrubu zina kutu, ubao unachungulia.

“Pole, kaka,” fundi akamwambia, bunduki ya rangi mkononi. “Ilidondoka? Niachie, kesho unaikuta mpya.”

“Ni mpya. Nimeongeza hela iwe hivi.”

Fundi akazima kompresa.

Wala kijana hakutapeliwa. Tangu 1995 kampuni ya Fender inauza magitaa yanayochubuliwa makusudi, na mchubuko una bei yake. NUTA Jazz, bendi iliyozaliwa 1964 na ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, huduma hiyo haikuihitaji. Vyombo vilikuwa mali ya NUTA, chama cha wafanyakazi. Mpigaji akihamia bendi nyingine, besi inabaki, anaondoka na vidole vyake. Anayemfuata anairithi pamoja na jasho la mwenzake, na rangi inabanduka bila kutozwa hata senti.

Kijana akauliza kama mtaani kuna besi ya kale ya kweli.

“Ilikuwepo, ya mzee mmoja wa dansi,” fundi akasema. “Umechelewa. Jana nimeipiga rangi.”